Mikono Iliyotegemezwa

(Mazungumzo ya redioni. Somo: Kutoka 17:8–13)

Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, uanzie mstari wa 8. Kama haiko karibu, sikiliza tu, nitakusimulia.

Wana wa Israeli walikuwa Refidimu, nao Waamaleki wakaja kupigana nao. Musa akamtuma Yoshua pamoja na watu wa vita, na yeye mwenyewe akapanda kilimani akiwa na fimbo ya Mungu. Ikawa kila alipouinua mkono wake, Israeli walipata nguvu. Kila alipoushusha, adui alipata nguvu. Lakini Musa alikuwa mzee aliyepita miaka 80, na mkono ulioinuliwa hauchelewi kuchoka. Jaribu wewe mwenyewe kuuinua mkono wako sasa, uone kama utafika nao mwisho wa mazungumzo haya. Haruni na Huri walipoona hivyo, hawakumkemea Musa. Walitafuta jiwe wakamketisha, kisha mmoja akasimama upande huu na mwingine upande ule, wakaishika mikono yake. Nayo haikushuka tena mpaka jua likatua.

Angalieni jambo moja ambalo wengi wetu hulipita tusomapo habari hii. Maandiko hayasemi ya kwamba Musa alipewa mikono ya kijana. Mikono ilikuwa ile ile, na uzee ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa ilitegemezwa. Bwana aliwapa watu wake ushindi siku ile kwa mikono mizito iliyotegemezwa.

Leo nataka tuwafikirie watoto wadogo ambao wanazaliwa na mikono mizito. Nasema juu ya watoto wenye hali iitwayo sindromu ya Down. Huenda umemwona mmoja katika kijiji chako au mtaani kwako. Huenda pia yuko mmoja katika nyumba ya jirani, nawe hujamwona, kwa kuwa wageni wakija hupelekwa chumba cha nyuma.

Mtoto huyu anapozaliwa, mkunga humwona kuwa laini mno. Ukimwinua, mikono na miguu inalegea. Shingo haikazi upesi. Macho yameinuka kidogo upande wa nje, ulimi hupenda kutokeza, na mara nyingine katika kiganja kuna mstari mmoja tu uliokatiza. Kunyonya kwaweza kuwa kazi ngumu kwake, maana midomo na ulimi pia ni misuli, nayo imelegea kama mingine.

Sababu yake ni nini? Daktari mmoja Mwingereza, John Langdon Down, alizieleza dalili hizi mwaka 1866, na hali hii ikaitwa kwa jina lake. Lakini chanzo hakikujulikana mpaka mwaka 1959, wakati wataalamu wa Ufaransa, miongoni mwao Jérôme Lejeune na Marthe Gautier, walipochunguza chembe za mwili wa watoto hao. Katika chembe ya mwili wa binadamu kuna vitu vidogo mno, kama nyuzi, viitwavyo kromosomu. Kwa kawaida ni 46, zimepangwa jozi 23. Mtoto huyu huwa na 47, kwa sababu katika jozi ya 21 kuna moja ya ziada. Jambo hilo hutokea mwanzo kabisa, hata kabla mama hajajua kuwa ana mimba. Mama mwenye umri mkubwa yuko karibu zaidi kulipata, lakini akina mama vijana pia huzaa watoto hawa. Ulimwenguni kote, karibu mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa hivi, awe wa tajiri au wa maskini, awe Nairobi au London.

Kwa hiyo, mama mpendwa, si kitu ulichokula. Si kitu ulichokiona. Si kijicho cha mke mwenzio, wala si laana ya ukoo wa mume wako. Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake. Bwana alizikataa njia zote mbili za swali lile. Wao walitaka kumpata mkosaji. Yeye aliangalia kazi ambayo Mungu alitaka kuifanya katika mtu yule. Nasi leo tuache kuuliza ni nani aliyekosa, tuulize ni kazi gani iliyo mbele yetu.

Basi kazi yenyewe ni ipi? Hapa turudi kilimani, kwa maana Haruni na Huri watatufundisha mambo matatu.

Jambo la kwanza ni lile jiwe. Kabla ya kuishika mikono, walimpa Musa mahali imara pa kuketi. Mtoto mwenye sindromu ya Down naye ahitaji jiwe la kuketia, nalo ni uchunguzi wa daktari. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro katika moyo, na nyingine haionekani kwa macho. Mtoto anachoka anaponyonya, anahema, haongezi uzito, na watu husema, “Ndivyo alivyo.” Sivyo alivyo, huenda ni moyo, na moyo huweza kutengenezwa. Masikio pia yapimwe, maana maji hukusanyika ndani yake, na mtoto asiyesikia vizuri atajifunzaje kusema? Macho yapimwe, na tezi ya shingoni ipimwe kwa damu. Katika nchi ya Marekani, mwaka 1983, wenye hali hii waliishi kwa wastani miaka 25 tu. Leo huko wastani wafika karibu miaka 60. Kromosomu ile ya ziada ingalipo. Ila watu waliacha kuwafungia watoto hawa katika nyumba za mbali, wakaanza kuwatibu moyo na kifua kama watoto wengine.

Jambo la pili ni kwamba walisimama wawili, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Mtoto huyu naye ahitaji kushikwa pande mbili. Upande mmoja ni mtaalamu, na upande wa pili ni watu wa nyumbani.

Wataalamu ni wa namna tatu. Yuko mtaalamu wa viungo, ambaye hospitalini watu humwita fizio. Huyu hufundisha shingo kukaza, mgongo kunyooka, mtoto kugeuka, kuketi, kutambaa na kusimama. Yuko yule ambaye humwita O.T., na kazi yake ni mikono na mambo ya kila siku: kushika kijiko, kunywa kwa kikombe, kuvua soksi, kufunga kifungo. Wa tatu ni mtaalamu wa usemi, ambaye huanza kazi yake kabla ya neno la kwanza, kwa kuwa hufundisha midomo na ulimi wakati wa kula. Wa namna hii ya tatu ni wachache sana katika nchi yetu, lakini wale wawili wa kwanza wapatikana katika hospitali nyingi kubwa za kaunti.

Wengine hudhani ya kwamba tiba hii ni kumkanda mtoto na kumnyoosha. La, ndugu. Viungo vya mtoto huyu tayari vimelegea kupita kiasi. Kumvuta kwa nguvu kwaweza kumdhuru, hasa shingoni. Anachohitaji ni kupewa kazi ndogo ndogo zitakazoipa misuli yake nguvu. Mtaalamu atamlaza kifudifudi kwenye mkeka akiwa macho, aweke kitu kinachong'aa mbele yake, ili ainue kichwa akitazame. Atamwonyesha mama namna ya kumbeba ili miguu isitawanyike mno. Atamketisha akiwa ameshikwa kiunoni, kisha atapunguza kushika kidogo kidogo, mpaka mgongo ujue kazi yake.

Lakini mtaalamu humwona mtoto nusu saa, pengine mara moja kwa mwezi. Ni nani atakayemshika siku zile nyingine zote? Hapo ndipo nyumba inapoingia. Mwaka 1969, katika mji mdogo uitwao Portage huko Marekani, watu walianza mpango ambao umeigwa katika nchi nyingi. Badala ya kuwakusanya watoto wadogo mahali pamoja, mwalimu aliwatembelea nyumbani mara moja kwa juma, akamwonyesha mzazi kazi chache za kumfundisha mtoto mpaka juma lijalo. Walitambua ya kwamba mwalimu wa kwanza wa mtoto ni yule anayemlisha na kumwosha.

Nawe, mama, huhitaji vyombo vya bei kubwa. Mkeka unao. Leso unayo, ifiche nyuso zenu, ifunue, mwache naye aivute. Sufuria na mwiko ni ngoma. Ukisonga ugali, mpe kitonge akifinyange kwa vidole. Mpe vifuniko avitie katika kopo na kuvitoa. Umketishe wima anapokula, umpe kijiko kidogo, usimmiminie uji kinywani. Unapomwosha, taja kila kiungo: hii pua, hili sikio, huu mguu. Taja kitu kile kile kwa neno lile lile, ungoje kidogo, umpe nafasi ya kujibu. Huenda jibu lake la kwanza likawa kwa mkono na si kwa mdomo. Mfundishe basi ishara za mkono pamoja na maneno: ishara ya kula, ya maji, ya kwaheri. Usiogope kwamba ishara zitamzuia kusema. Humsaidia, kwa maana watoto hawa huelewa mengi kuliko wawezavyo kutamka.

Na baba je? Haruni hakumwambia Huri, “Mikono hiyo ni kazi yako peke yako.” Nasema kwa upole lakini nasema wazi: wako wanaume walioondoka nyumbani siku waliyoambiwa habari za mtoto wao. Wako na waliobaki nyumbani lakini hawajampakata mtoto hata siku moja. Baba msikilizaji, katika kitabu cha Hosea sura ya 11, Mungu mwenyewe ajieleza kama mzazi aliyemshika Efraimu mikono akimfundisha kutembea. Ikiwa Bwana wa majeshi hakuona haya kujifananisha na mtu anayeinama chini kumshika mtoto anayejifunza hatua, wewe utaona haya kwa ajili ya nani?

Jambo la tatu ni jua lile lililotua. Haruni na Huri hawakushika kwa saa moja wakaenda zao. Mtoto wa kawaida hutembea akiwa na mwaka mmoja hivi. Mtoto mwenye sindromu ya Down, kwa wastani, hutembea akikaribia miaka miwili, na wengine hupita mitatu. Maneno huchelewa zaidi. Utafanya zoezi lile lile siku 100 na hutaona kitu, na siku ya 101 atageuka mwenyewe juu ya mkeka. Kwa hiyo anza mapema, katika miezi ile ya kwanza, usingoje mpaka ionekane kwamba amechelewa. Nawe ukianza, usichoke. Usimpime kwa mtoto wa jirani. Mpime kwa alivyokuwa mwezi uliopita.

Sasa, wapendwa, nataka niseme juu ya jambo linalotusumbua sisi watu wa makanisa. Wako wanaosema, “Tumemwombea mtoto, kumpeleka hospitali ni kukosa imani.” Na wako wahubiri wanaomwahidi mama kwamba akitoa sadaka fulani, mtoto atabadilika. Mama huyo hutembea kutoka mkutano hadi mkutano, na miezi ile ya kwanza, yenye thamani kubwa, hupita.

Turudi tena kilimani. Mkono ulioinuliwa wa Musa ulikuwa nini? Wengi wetu tumefundishwa kuuona kama mfano wa maombi, nami nakubali. Basi angalieni: hata maombi ya Musa yalihitaji jiwe, na yalihitaji watu wawili wa kushika. Na huko chini Yoshua alikuwa akipigana kwa upanga. Hakuna aliyesema ya kwamba jiwe lile ni kukosa imani. Mwombee mtoto kila siku, na ukiisha kusema amina, mtandikie mkeka. Tiba hii haiondoi sindromu ya Down. Mtaalamu mwaminifu hatakuahidi hivyo. Inamtegemeza mtoto ili afikie yote aliyoyawekewa na Mungu, naye ayafikie akiwa yeye mwenyewe.

Swali la mwisho nalielekeza kwa kanisa. Haruni alikuwa na Huri. Mama huyu ana nani? Mfikirie anayeamka alfajiri, mtoto mgongoni, apande boda boda mpaka barabarani, kisha matatu mpaka hospitali ya kaunti, apange foleni, apate nusu saa ya mazoezi, arudi jioni. Siku hiyo hakwenda shambani wala sokoni. Mara ya kwanza atakwenda. Mara ya tatu nauli itakuwa imekwisha. Naye Jumapili hafiki ibadani, kwa sababu mtoto alipopiga kelele wakati wa mahubiri watu waligeuza shingo. Tusiseme kwamba mama huyu hana bidii, ilhali ameshika peke yake toka asubuhi, na jua lingali juu.

Basi sharika zetu zaweza kufanya nini? Chama cha akina mama kinachochanga kwa ajili ya arusi na matanga kinaweza kuchanga nauli ya mama mmoja kwa mwezi. Wazee wa kanisa wanaweza kufungua ukumbi siku moja katikati ya juma, waweke mikeka, wamwalike mtaalamu wa hospitali iliyo karibu, ili akina mama watano au sita wakutane naye mahali pamoja, nao waonane wao kwa wao. Mwalimu wa shule ya Jumapili anaweza kumpokea mtoto huyu katika wimbo wenye vitendo. Kupiga makofi, kuruka na kuinama ni tiba, na watoto wenzake watajifunza kumngoja. Vijana wanaweza kumshika mtoto wakati wa ibada, ili mama asikie mahubiri hata mara moja. Na mchungaji anaweza kumpokea mbele ya kanisa lote, kwa ubatizo au kwa kuwekwa wakfu, kama ilivyo desturi yenu, akimtaja kwa jina lake kamili.

Nasema kwa jina lake, kwa sababu yako majina mabaya ambayo watoto hawa huitwa, na mengine huitwa na sisi tulioketi viti vya mbele. Hata Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema ya kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa namna ya kumdharau. Itakuwa aibu ikiwa sheria ya nchi itamheshimu kuliko watu wa Mungu.

Kwa wazazi wanaouliza waanzie wapi, nasema hivi. Anza na kliniki ile unapompeleka mtoto kuchanjwa, mwambie muuguzi wazi, “Mtoto wangu ni laini, nataka apelekwe kwa daktari na kwa fizio.” Uliza pia, katika ofisi ya elimu iliyo karibu nawe, habari za kituo cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianzishwa katika nchi yetu mwaka 1984, na huwasaidia hata watoto ambao hawajafika umri wa shule. Mwandikishe mtoto wako kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Na umtafute mama mwingine mwenye mtoto kama wako. Mtasaidiana kuliko mnavyodhani.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe huna mtoto wa namna hii. Lakini unaye jirani. Juma hili nenda umtembelee. Usiende kumwangalia mtoto, kwa maana wa kuangalia amewaona wengi. Mwombe akupe umpakate, umwulize mama, “Fizio alikufundisha zoezi gani? Nionyeshe, nilifanye nawe.” Ukifanya hivyo utakuwa umesimama upande wa pili wa mikono ile.

Na tuombe.

Baba yetu uliye mbinguni, Wewe huwajua watoto hawa wadogo, kila mmoja kwa jina lake. Twawaleta mbele zako waliolala chumba cha nyuma, ambao mlango wao haujafunguliwa. Mtie nguvu mama ambaye mikono yake imechoka leo. Umrudishe baba aliyeondoka. Uwabariki wataalamu katika hospitali zetu, uwape subira na furaha katika kazi yao. Nasi kanisa lako, utusamehe kwa kugeuza shingo, utufundishe kushika pamoja na wanaoshika, mpaka jua litue. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, Bwana awe nanyi nyote.